Ndoa ya Disii na Ng'ombe wa Mashuuru

Nimepikia harusi za watu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nimepikia mawakili, nimepikia wenye mashamba ya maua ya Isinya, nimepikia maajenti wa forodha wa Namanga, watu ambao wakikaa mezani hawainuki mpaka sufuria ikwanguliwe. Ukiona hema jeupe Kitengela na wageni wanarudi kwenye foleni mara ya pili, uliza ni nani aliyepika. Utatajiwa mimi. Sisemi haya ili nisifiwe, ingawa sifa sijawahi kuikataa. Nayasema kwa sababu kwa miaka mingi kulikuwa na harusi moja ambayo sikuwa nimeipikia, nayo ndiyo niliyoitamani kuliko zote: ya baba yangu na mama yangu.

Walikuwa wamekaa pamoja tangu kabla sijazaliwa. Baba alitoka Mkoa wa Kati, kwa wakulima. Mama, ambaye sote tunamwita Yeyo kama watoto wa Kimaasai wanavyowaita mama zao, ni wa boma la wafugaji upande wa Mashuuru. Kanisani hawakuwahi kusimama mbele, na cheti hawakuwa nacho. Baba alikuwa akisema atamwoa Yeyo kwa disii. Alisema hivyo nilipokuwa sijui kusoma. Alisema hivyo nilipokuwa napanda ndege kwenda Doha kuosha masufuria ya watu. Niliporudi, nikiwa nimepanda kutoka kuosha masufuria hadi kusimamia jikoni nzima, nikiwa na diploma yangu ya usimamizi wa hoteli niliyoisomea jioni baada ya kazi wakati wenzangu wamelala, nilimkuta bado anasema. Shida ni kwamba disii hakuwepo tena. Hakuwa amehamishwa. Cheo chenyewe kilikuwa kimefutwa.

Kwa vijana waliokulia katika nchi ya magavana, wacha nieleze. Disii alikuwa Mkuu wa Wilaya. Juu yake palikuwa na mkuu wa mkoa, na juu ya huyo rais. Chini yake walikuwa maofisa wa tarafa, machifu na manaibu wao. Lakini kwa mtu wa Kajiado mlolongo huo haukuwa na maana. Serikali ilikuwa disii. Ukitaka kufanya mkutano, ulihitaji ruhusa yake. Ukitaka kuuza kipande cha shamba, yeye ndiye aliyekalia kiti cha bodi ya ardhi. Ukame ukija, mahindi ya msaada yaligawanywa kwa neno lake. Sikukuu za taifa tulisimama uwanjani tukichomwa na jua, naye akisoma hotuba ya rais neno kwa neno, kofia ngumu ya kaki kichwani, nembo ikimetameta.

Na baba yangu ndiye aliyekuwa akimwendesha. Nasema "akimwendesha" kana kwamba alikuwa mmoja, kumbe walikuwa wengi. Madisii walikuja na kuhamishwa, dereva akabaki. Kajiado mjini tulijulikana kama watoto wa dereva wa disii, na nilitembea nikijua hivyo. Wengine walikuwa watoto wa walimu. Sisi baba yetu alikuwa na bendera kwenye gari.

Baba aliajiriwa akiwa kijana sana, na watunza bustani wa zamani walimsimulia habari za madisii wa Kizungu. Walimwambia jinsi Mzungu alivyokuwa akikaa kwenye baraza ya ofisi yake na kuamua ng'ombe wa nani walishwe wapi na mnada ufungwe lini, wazee wakiwa wamechuchumaa chini ya ngazi. Kisha Uhuru ukaja. Baba alikuwa na msemo wake: "Mzungu alienda na mbwa wake, kofia akaiacha." Aliyevaa kofia sasa alikuwa mtu wetu, na hilo lilikuwa jambo kubwa, baba hakulidharau hata kidogo. Lakini ngazi zilikuwa zile zile. Aliwaona wazee wakisimama juani wakingoja disii amalize chai, na aliwaona madisii wengine, wachache lakini walikuwepo, wakishuka ngazi na kukaa na wazee kwenye nyasi. Hao aliwataja kwa sauti nyingine.

Kazi moja ya disii ambayo watu wameisahau ni kuozesha. Ndiyo. Walimu, manesi, askari, watu wa mishahara ambao hawakutaka au hawakuweza kungoja kanisa, walikwenda kwa disii, wakaapa mbele ya meza yake, wakatoka na cheti. Iliitwa ndoa ya disii. Baba alikuwa akiegesha Land Rover kivulini na kuwaona wakitoka, bibi harusi ameshika maua ya bustani ya serikali, bwana harusi amevaa koti la kuazima. Ndipo alipoanza kuitamani.

Lakini sababu yake ya ndani ilikuwa nyingine, na ili kuielewa lazima ujue walivyokutana.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Baba alikuwa anampeleka disii Mashuuru, lori la mahindi likiwafuata nyuma, na Land Rover ikazama kwenye mchanga wa korongo. Wanawake waliokuwa wakichota maji mchangani waliitwa waje wasukume. Disii alibaki ndani ya gari. Msichana mmoja akasimama, akashika kiuno, akasema kwa Kiswahili chake kidogo, "Huyu mwenye kofia ashuke kwanza. Kofia iko nzito."

Disii alishuka. Baba anasema hata yeye disii alicheka, lakini baba hupenda kuwapamba. Tangu siku hiyo gari la serikali lilianza kuharibika mara nyingi sana upande wa Mashuuru.

Kwao baba walisema, "Utaletaje mtu asiyejua kulima?" Kwao Yeyo walisema, "Huyo dereva ana ng'ombe wangapi?" Hakuwa na hata mmoja. Akawanunua mmoja mmoja kutoka mshahara wake, kwenye mnada wa Kajiado, na kuwapeleka kwa miguu siku zake za mapumziko, yeye mtu wa viazi na kabichi akiwaswaga ng'ombe nyikani. Wa mwisho alifika nikiwa tayari nabebwa mgongoni. Ng'ombe walipokelewa, kondoo wa bibi, mama yake Yeyo, akatolewa, pombe ya asali ikanywewa. Kwa wazee wa Mashuuru mambo yalikuwa yamekwisha. Kwa baba hayakuwa yamekwisha, kwa sababu kila aliporudi kwao waliendelea kumwambia kwamba hajaoa, amehamia tu. Ndiyo maana alimtaka disii. Alituambia mara nyingi: "Disii akishasema, hakuna mzee wa kwetu wala wa kwao atakayefungua mdomo."

Basi kwa nini hakwenda, mtu anayemwendesha disii kila siku? Kwa sababu ya ubao. Kabla disii hajawaozesha, tangazo la ndoa yenu lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi kwa wiki kadhaa, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Yeyo alikwenda kuuona huo ubao. Juu yake palikuwa na tangazo la ng'ombe waliopotea, rangi zao na alama za masikio yao, na kando yake orodha ya watu wanaotafutwa na polisi.

"Jina langu halitakaa hapa," alisema.

"Ni wiki chache tu," baba akamwambia.

"Mimi nimepotea? Si unajua niko wapi?"

Hakukubali. Alipolainika, disii aliyekuwepo alikuwa amehamishwa, na baba hakumpenda aliyemfuata. Kisha tukaanza shule, mambo yakawa mengi, baba akastaafu. Wilaya nazo zikaanza kuzaana. Ile Kajiado moja kubwa ikakatwa vipande, kila kipande kikapewa disii wake, hata Isinya, hata Mashuuru kwenyewe. "Siku hizi kila kilima kina disii," baba alilalamika. "Bendera zitatoka wapi?" Halafu katiba mpya ikaja, wakaja magavana, na watu wa serikali kuu wakapewa majina mapya, makamishna wa kaunti na manaibu wao. Watu bado huwaita madisii kwa mazoea. Lakini baba aliijua tofauti. Kwake, disii alikuwa amekufa na hakuzikwa.

Nilirudi nyumbani nikajenga Kitengela. Nyumba ya ghorofa, na wapangaji wanaolipa kwa wakati, kwa sababu maji hayakatiki. Niliwachukua wazee wangu kutoka Kajiado, nikawapa vyumba vya chini wasipande ngazi. Nilidhani nimewamalizia kila kitu. Kumbe Yeyo alikuwa na hitaji ambalo pesa zangu za Doha hazingeweza kulinunua.

Kanisani kwake kuna chama cha akina mama. Huvaa kitambaa cheupe kichwani, huenda kuona wagonjwa, huimba kwenye mazishi, na mmoja wao akifa wenzake ndio humbeba. Lakini hupokelewi kama ndoa yako haitambuliki, na mezani pa Bwana hufiki. Miaka yote Yeyo aliimba kuliko wote, alifagia kanisa, alipika chai ya wageni, na wakati wa meza alibaki kwenye benchi la nyuma na wengine kama yeye. Kisha mwaka mmoja alipoteza rafiki yake wa benchi la nyuma. Waliombeba walikuwa vijana wa kukodishwa. Yeyo aliporudi kutoka mazishini aliniambia neno moja tu: "Mimi sitabebwa hivyo."

Chama hupokea wanachama wapya Jumapili moja tu kwa mwaka. Mchungaji, mtu mwema, aliniambia mlango uko wazi: wazee wafunge ndoa kanisani, au walete cheti cha serikali abariki. Mimi nilichagua kanisa papo hapo. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya mchele. Nikamwendea baba.

"Kanisa hapana," akasema.

"Baba, disii hayuko. Alifutwa. Wewe mwenyewe ulisikia kwenye redio."

"Nilimwahidi mama yako disii."

"Yeye hataki disii. Anataka kitambaa."

"Muulize kama nilimwahidi kitambaa."

Nikamgeukia Yeyo anisaidie. Alikuwa anashona shanga. Hakuinua macho. "Wacha mzee ajaribu," alisema. "Lakini Jumapili haitamngoja."

Na mzee akajaribu. Asubuhi moja niliporudi kutoka sokoni sikuwakuta. Alikuwa amevaa koti, Yeyo amevaa shanga zake nzuri, wakaenda Kajiado kumtafuta disii. Baba alifanya kama alivyofundishwa maisha yake yote: alitafuta jengo kubwa lenye bendera. Likawa la gavana. Walingoja kwa heshima mpaka wakaitwa ndani, baba akaeleza haja yake, na yule karani akamwambia kwa upole, "Mzee, hapa tuko na maji, barabara na soko. Harusi hatuna."

Yeyo alicheka njia nzima ya kurudi. Baba hakucheka. Usiku ule hakula, na mimi niliogopa, kwa sababu niliona kwamba kwa mara ya kwanza ameamini kwamba wamechelewa.

Hapo nikaingia mwenyewe. Mimi nimepata vibali vya kazi katika nchi ya watu. Ofisi ya Kajiado haiwezi kunishinda. Nilipiga simu, niliuliza, nikaambiwa ndoa za serikali sasa zina msajili wake, na kwamba afisa wa usajili huja Kajiado siku fulani, na hukaa katika chumba cha jengo la zamani la wilaya. Lile lile la baba. Lenye ngazi zile zile. Nilipomwambia, akauliza, "Chumba gani?"

Tangazo siku hizi hutumwa kwa kompyuta. Yeyo alitaka kujua kama kwenye kompyuta kuna ng'ombe waliopotea. Nikamwambia hakuna. Akakubali. Nilijaza fomu mwenyewe, kila kipengele, bila kosa la herufi, na tukapewa Ijumaa. Jumapili inayofuata ndiyo ilikuwa ile ya chama. Nikaagiza hema.

Ijumaa hiyo tulipanda ngazi polepole. Afisa alikuwa mwanamke mdogo kwangu, miwani puani, mwenye adabu. Aliwakalisha wazee mbele ya meza, mimi nikakaa ukutani na kamera. Alimuuliza baba maswali yake, baba akajibu kama yuko gwarideni. Kisha akamgeukia Yeyo.

"Koko," akamwita, yaani bibi kwa Kimaasai, "lazima nikuulize kabla hujaapa. Umewahi kuolewa?"

"Nimeolewa," akasema Yeyo.

Afisa akatazama fomu. "Hapa imeandikwa hujaolewa."

"Nani ameandika?"

Nikainua mkono.

"Huyu alikuwa mtoto," Yeyo akamwambia afisa. "Hakuona vizuri. Mimi nimeolewa. Ng'ombe zilikuja kwetu, zote. Na kondoo ya mama yangu. Na pombe ya asali, nyingi."

Afisa akaweka kalamu chini. "Koko, basi mimi siwezi kukuozesha. Siwezi kumwapisha mtu kwamba hajaolewa na yeye ameolewa."

Baba alimgeukia Yeyo. "Kwa nini hukusema hapana?"

"Nidanganye serikali? Kwa hii miaka yangu?"

"Na huyo mume wako," afisa akauliza kwa uangalifu, "yuko wapi, Koko?"

"Si huyu hapa! Unadhani nimekuja na mume wa mtu?"

Nilitamani kucheka na nilitamani kulia. Mbuzi walikuwa wameshachinjwa Kitengela. Nilisimama, nikaanza kumweleza afisa kwamba mimi ni mtu ninayejua taratibu, kwamba ile ilikuwa ya kimila tu, kwamba fomu haikuwa na nafasi ya ng'ombe. Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa mtu yeyote, si Doha, si chuoni.

"Mama, hakuna 'ya kimila tu'. Sheria ya sasa inaitambua kama ndoa nyingine zote. Hawa ni mume na mke. Kilichobaki ni kuiandikisha, na cheti watapata. Nileteeni watu waliokuwepo wakati wa mahari."

Yeyo aliuliza polepole, kama mtu anayepima kina cha maji kwa fimbo. "Kwa hivyo nimekaa benchi ya nyuma na nimeolewa?"

Afisa hakujua habari za benchi, lakini alielewa sauti. "Umeolewa siku zote, Koko."

Baba akauliza, "Na disii?"

"Disii alifutwa, mzee."

"Najua alifutwa. Nauliza, angekuwepo leo angefanya nini?"

Afisa alifikiri. Nampenda mpaka leo kwa sababu alifikiri. "Asingewaozesha. Angeandika tu kile alichokuta."

Waliokuwepo wakati wa mahari na bado wako hai walikuwa mjomba, ndugu yake Yeyo, na mkewe, huko Mashuuru. Afisa alikuwa anaondoka jioni, na hangerudi mpaka Jumapili yetu ipite. Nilimpigia mjomba.

"Ng'ombe ziko kwa maji," alisema. "Zikishakunywa nitakuja."

"Mjomba, ni jambo la leo leo!"

"Na kiu yao ni ya kesho?"

Ilibidi tungoje. Mchana ulipita. Baba alitoka akakaa kwenye ngazi, na nilipomfuata alinionyesha mahali wazee walipokuwa wakichuchumaa, na mahali gari lilipokuwa likisimama. Wafanyakazi wa ofisi wakaanza kufunga madirisha. Yeyo alikaa wima mbele ya ile meza, hakutoka hata kunywa maji, kana kwamba akiinuka ndoa yake itaondoka na kiti. Mimi nilikuwa mlangoni nikiangalia barabara. Nimesimamia karamu za mabalozi bila kuangalia saa. Siku hiyo niliiangalia kila dakika.

Walikuja kwa pikipiki, mjomba mbele na fimbo yake, mkewe nyuma, wote wekundu kwa vumbi. Afisa alikuwa tayari amebeba mkoba. Mjomba akaingia, akamsalimu kwa Kimaasai, "Takwenya." Afisa akajibu "Iko" bila kusita, akaweka mkoba chini.

"Mzee, uliwaona ng'ombe wa mahari ya dada yako?"

"Niliziona? Mimi ndiye nilizipokea. Wa kwanza alikuwa mwekundu na kichwa nyeupe. Wa pili mweusi, tumbo nyeupe. Halafu akaleta ng'ombe moja ya kijivu, kilema."

"Hakuwa kilema!" baba akaruka. "Alichoka na njia!"

"Alichechemea mpaka akafa."

"Kutoka Kajiado kwa miguu, hata wewe ungechechemea!"

"Dereva," mjomba alimwambia, maana ndivyo alivyomwita maisha yake yote, "mimi nilikataa? Nilipokea. Wajukuu wake niko nao mpaka leo, wawili wako na maziwa." Akamgeukia afisa. "Andika hiyo. Andika alitoa mpaka kilema."

Mkewe akasema ni yeye aliyempaka Yeyo mafuta siku alipotoka nyumbani kwao, na kwamba Yeyo hakulia kama wasichana wengine, bali aliuliza kama gari litakuja. Sote tulicheka, hata afisa, naye akaendelea kuandika huku anacheka. Kisha akawasogezea wazee karatasi. Baba alitia sahihi yake ndefu ya dereva. Yeyo aliweka kidole. Mjomba akainuka, akanyunyiza mate mepesi ya baraka juu ya vichwa vyao, katika chumba kile cha disii, na afisa wa serikali akainamisha kichwa chake pia.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Cheo kile kilikuwa kikubwa na sitakitukana, kilitulisha. Lakini katika siku zake zote, pale juu ya ngazi, hakuna mwenye kofia aliyewahi kumuuliza mjomba wangu ng'ombe walikuwa rangi gani. Katika nchi hii yetu mpya, yenye kelele na ofisi nyingi zenye kuchanganya, mtu aliuliza. Wanaosema hakuna kilichobadilika waje wale kwangu, nitawasimulia.

Jumapili mchungaji alibariki. Kisha akina mama wa chama wakasimama mbele, wakaita wapya. Yeyo akatoka kwenye benchi la nyuma, baba akamsindikiza nusu ya njia kisha akasimama, kwa sababu zaidi ya hapo palikuwa pa wanawake. Mwenyekiti alipata tabu kukifunga kitambaa, maana Yeyo alikataa kuvua shanga za masikio. Mwishowe kilikaa juu ya masikio na shanga zake. Alikula mezani pa Bwana kwa mara ya kwanza, taratibu, kama mtu anayeonja chakula changu.

Nilidhani angekaa mbele na wenzake wapya. Badala yake aligeuka, akatembea tena hadi nyuma, akasimama mbele ya wanawake waliobaki pale, mabibi wa Kimaasai na mabibi wa Kikuyu wa umri wake, na akasema kwa sauti ambayo mchungaji aliisikia vizuri:

"Nani hapa alitolewa ng'ombe? Ama mbuzi? Inua mkono."

Walitazamana. Mmoja akainua, mwingine akafuata. Kisha karibu benchi zima.

"Haya," Yeyo akasema. "Yule wa cheti anarudi Kajiado, mko na wiki moja ya kutafuta mashahidi kabla hawajakufa. Huyu msichana wangu ako na gari kubwa, na anajua ofisi."

Hakuniuliza. Wanawake wote wakanigeukia, na nje, chini ya hema jeupe, pilau yangu ilikuwa tayari.